Viatu vya Kashinje

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nilisema nakwenda Mwanza mara moja tu, halafu simu yangu ikakaa kimya, na niliporudi begi langu likanuka dagaa hadi sebuleni kwenu. Nimekuwa nikisimulia vipande vipande, kila mtu na chake, na sasa naona mnaanza kusahihishana. Basi nimeandika yote kwa kufuata njia. Habari za tiketi na vibali nimeziruka, hazina ladha.

Kwanza mjue nilichobeba. Ni boksi lenye viatu viwili vidogo vya ngozi vilivyounganishwa kwa chuma bapa, kila kiatu kikitazama upande wake. Ni viatu vya mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zimepinda kuelekea ndani. Hospitalini hunyoosha miguu kwa plasta, wiki baada ya wiki, na baada ya hapo mtoto huvaa viatu hivyo kila anapolala kwa miaka kadhaa. Asipovaa, miguu inarudi ilikotoka.

Gharama zote hulipwa na shirika dogo la nje, ambalo pia limejenga darasa la ushonaji kwa akina mama wa ziwani. Ofisi yao ya Dodoma ilinipa kazi ya muda ya kukusanya kile wanachokiita hadithi za mafanikio. Mnanijua. Niliikubali kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, na kwa sababu nilikuwa na maswali juu ya watu wanaotoa msaada kutoka mbali na kila mara wakahitaji picha. Safari hii walitaka picha moja: mtoto anayeitwa Kashinje, amelala, viatu miguuni.

Dodoma hadi Nyegezi

Niliketi na mzee mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa anarudi kwake Kisesa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akalitazama boksi mpaka tulipofika Manyoni. Hapo akashindwa kuvumilia.

"Binti, hiyo ni spea ya baiskeli?"

"Hapana mzee, ni viatu."

Nilimfungulia. Akavishika, akajaribu kuvikunja, chuma kikakataa.

"Anatembeaje mtu na hivi?"

"Havitembelewi. Anavaa akiwa amelala."

"Kwetu Kisesa anayelala na viatu ni mlevi tu," akasema, na watu wa kiti cha nyuma wakacheka. Akanirudishia. "Na mama yake amekubali?"

"Ni kwa faida ya mtoto."

"Sijauliza faida. Nimeuliza kama amekubali."

Nikajifanya nasinzia. Singida tulikula kuku ambaye nusu yake ilikuwa shingo. Mbele ya Nzega tairi likapasuka, na utingo akagundua kwamba jeki ilibaki kwenye basi lingine la kampuni hiyo hiyo. Tulikaa kandokando ya barabara chini ya jua, tukilitazama kila gari linalopita kama ndugu aliyepotea. Akina mama walitandika khanga, mtu akatoa michembe na karanga, vikazunguka. Mzee wa Kisesa alinifundisha kutafuna vipande hivyo vikavu vya viazi taratibu bila kuumiza meno. Baadaye lori likatuazima jeki. Tulipoingia stendi ya Nyegezi giza lilikuwa limeshaingia, na mzee akaniaga kwa kuniambia nikamsalimie huyo mlevi mdogo.

Kirumba

Nililala Kirumba kwa Pendo, binti wa shangazi yangu. Ndiye anayewafunga watoto plasta kwenye kliniki ya miguu, na ndiye aliyemnyoosha Kashinje. Asubuhi tulikunywa chai mlangoni kwake. Kutoka soko la Mwaloni upepo ulileta harufu ya samaki, naye hata hakuisikia.

"Huyo mtoto alikuwa anaendelea vizuri sana," alisema. "Unyayo ulilala chini kama wako. Halafu mama yake akakosa kliniki mara mbili mfululizo. Mtu aliyepita huko anasema mguu wa kulia umeanza kugeuka."

"Na wewe unadhani nini?"

"Nadhani havai. Vile vya kwanza vilimbana, sawa, lakini hata kabla havijabana hakuwa anavaa. Ngozi ya ndani ilikuwa safi mno, kamba hazijachakaa."

"Labda mama hajaelewa."

"Milembe? Alielewa kuliko mimi. Alikuwa anawafundisha wenzake kwenye foleni."

Kisha akaniambia kilichonikalia moyoni safari nzima. Shirika lilikuwa limeamua kwamba mtoto asiyevaa viatu anaondolewa kwenye mpango na nafasi yake anapewa mwingine. Kashinje alikuwa amebakiziwa nafasi hii moja.

"Kwa hiyo mnampa mtu kitu, halafu mnamnyang'anya kwa sababu hakukitumia mlivyotaka," nikasema.

Pendo aliweka kikombe chini. "Viatu ni vichache, watoto ni wengi. Tuseme ni wewe umekaa pale mezani, na mbele yako kuna mtoto mwingine ambaye miguu yake imepinda na mama yake haachi kuja. Unafanyaje?"

Nilianza kusema kitu kuhusu mfumo. Akasema atachelewa kazini.

Kamanga

Siku hizi wengi wanapita darajani, na Pendo alinishauri hivyo hivyo. Mimi nilitaka kivuko cha Kamanga, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakumbuka tangu utotoni. Nililipia kumbukumbu hiyo. Lori la mkaa lilikwama nusu ndani ya kivuko, nusu nje, na kila abiria akawa fundi. Mmoja anasema rudi nyuma, mwingine anasema kata kushoto, dereva amezima injini na kuwaangalia kwa zamu.

"Mkimaliza kupiga kura mniambie," akasema.

Tulivuka jua likiwa juu. Kutoka Kamanga nilipanda gari hadi Sengerema, nikala sato na ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa, mweusi na mzito, unaokaa tumboni hadi kesho yake. Kutoka hapo nilichukua bodaboda kuelekea Nyabusenga, mwalo mdogo wa wavuvi wa dagaa. Dereva wa bodaboda alikuwa kijana mcheshi, lakini nilipomwambia aende taratibu kwa sababu nimebeba kifaa, akaacha mzaha na kulitazama boksi. Njiani alisimama mara mbili kupiga simu, akizungumza Kisukuma cha haraka ambacho mimi, pamoja na jina langu la ukoo la Kisukuma, sikukipata.

Tulipofika hapakuwa na mtu. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya chanja, na korongo mmoja anajichagulia. Vibanda vilifungwa, lakini jikoni moshi ulikuwa bado unatoka.

"Wamelala?" nikamuuliza dereva. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani: mchana wote, kijiji kizima, kimelala.

"Dada, wewe si afisa uvuvi?"

"Nani kasema?"

Akaelekeza kidole kwenye boksi. "Hicho kifaa. Nilidhani ni cha kupimia matundu ya nyavu. Nikawaambia waziondoe."

Ilibidi anisindikize huku akipaza sauti kwamba si afisa, ni mtu wa viatu. Vichwa vikaanza kutoka nyuma ya vibanda. Mwanamke mmoja mrefu alitoka kwenye matete akikokota wavu wenye maji, akautupa chini na kunitazama.

"Umetulowesha nyavu bure," akasema. "Karibu."

Huyo ndiye alikuwa Milembe, na mgongoni kwake, ndani ya khanga, alikuwa Kashinje.

Nyabusenga

Kashinje ni jina wanalopewa watoto waliozaliwa wakitanguliza miguu. Mama yake alinieleza huku akimshusha. "Alitanguliza miguu, na sasa miguu ndiyo inamchelewesha." Mtoto alisimama akishikilia sketi ya mama yake. Mguu wa kushoto ulikuwa sawa. Wa kulia alikanyagia ukingo wa nje, na vidole vilitazama mwenzake.

Nilitoa viatu. Milembe alivipokea kwa mikono miwili, akafunga kamba bila kuniuliza lolote, haraka kama Pendo. Kisha akamlaza mtoto kwenye mkeka, akamfunika shuka, akamwambia afumbe macho. Kashinje alifumba jicho moja.

"Haya, piga," Milembe akaniambia.

"Nipige nini?"

"Picha. Si ndiyo iliyokuleta? Aliyekuja kabla yako alipiga darasa la kushona. Tulivaa sare, tukakaa kwenye cherehani, hata mimi ambaye sijasoma kushona. Nilishika mkasi."

Wenzake walicheka. Nilishika simu. Ningepiga picha ile na jioni ningekuwa Sengerema, mtoto angebaki kwenye mpango, na kila mtu angefurahi isipokuwa mguu wa kulia. Nilirudisha simu mfukoni.

"Usiku wa leo atavaa?" nikauliza.

"Atavaa."

"Usiku wa jana alivaa vile vya zamani?"

"Dada, wewe ni polisi?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Anauliza kama polisi," akasema mwanamke mwingine, na Milembe akasema aache, mgeni hajala.

Walinipa dagaa wa kukaanga, nikala, nikaendelea kuuliza. Ni tabia yangu, mnaijua, imeshaniharibia urafiki mwingi. Niliuliza mpaka Milembe akainuka kwa kuchoka.

"Simama," akaniambia. "Geuka. Inama."

Akamchukua Kashinje pamoja na viatu vyake na kumweka mgongoni kwangu. Akajaribu kutanua miguu ya mtoto inikumbatie kiunoni kama kawaida. Haikutanuka. Chuma kilikuwa kimeishika pamoja, kikakaa kwenye uti wa mgongo wangu. Akafunga khanga, mtoto akaanza kuteleza, akalia, chuma kikanichimba.

"Tembea," akasema Milembe. "Sasa beba ndoo."

Sikufika mbali.

Alipomtoa mgongoni alinieleza, bila hasira. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa majini. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazifui dafu, na kambi inapumzika. Lakini giza likiingia, mitumbwi inatua saa yoyote ya usiku, na mwanamke asiyekuwepo ufukweni na ndoo yake anakosa mzigo. Baba Kashinje yuko mtumbwini. Kibanda ni cha matete na moto uko ndani. Kwa hiyo Kashinje analala mgongoni kwa mama yake, na mgongoni viatu havikai. Alfajiri wanatandaza dagaa, mchana mama anasinzia karibu na chanja, na mtoto ameshalala zake usiku, yuko macho anachezea mchanga.

"Kliniki nayo?" nikauliza.

"Mara zote mbili zilianguka kwenye giza. Nikienda Mwanza kwenye giza, tutakula nini mbalamwezi ikitoka?"

"Kwa nini hukumwambia Pendo?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama swali hilo linastahili jibu. "Nilimwambia navalisha. Karatasi yao imechorwa kitanda, na chandarua, na mama amekaa pembeni anatabasamu. Nimwambie mimi usiku niko wapi? Watasema huyu mama hatulii nyumbani."

Chumba cha cherehani

Darasa la ushonaji liko hatua chache juu ya ufukwe. Ni jengo la matofali lenye mlango wa chuma na sakafu ya saruji, jengo pekee la namna hiyo pale mwaloni. Mwalimu wake anaitwa Veronika, mama wa Kikerewe anayevaa futi ya kupimia shingoni hata anapokwenda dukani. Alinipa nafasi ya kulala kwake. Jioni tulipokuwa tunachambua mchele niliuliza swali ambalo nilidhani ni dogo.

"Mwalimu, usiku darasani kunakuwa na nani?"

"Kunakuwa na kufuli."

"Watoto wangeweza kulala humo kipindi cha giza?"

Aliacha kuchambua. "Dada yangu, jengo lile ni la mafunzo. Wafadhili walisema kwa mdomo wao. Mtoto akikojolea vitambaa nitaandika nini? Sindano ikimchoma? Wewe utakuwa umeshapanda kivuko."

Alikuwa na haki, na nikamwambia hivyo. Lakini Milembe alikuwa amekuja na wenzake kunirudishia boksi tupu, na walikuwa wamesimama mlangoni wakisikia.

"Mwalimu," Milembe akasema, "mwaka huu umepata wanafunzi wangapi kipindi cha giza?"

"Unajua jibu. Mnakuja mnasinzia kwenye cherehani."

"Na mbalamwezi?"

"Mnajaa."

"Basi kwenye giza darasa lako ni la popo."

Mwalimu Vero alitaka kukasirika, akacheka. Akauliza nani atawalinda watoto. Hapo wanawake wenyewe wakageukiana, na ubishi ukawa mkali, kwa sababu anayebaki na watoto anakosa dagaa. Mmoja akasema hatabaki kulea mtoto wa mtu huku wenzake wakijaza ndoo. Mwingine akamkumbusha alipojifungua.

"Ulipokaa ndani nani alikulisha? Si kila mmoja wetu alikumiminia sado yake kila alfajiri?"

Ndiyo desturi ya pale. Mwanamke aliyejifungua au aliyefiwa hashuki ufukweni, na kila mwenzake humtilia kopo moja la dagaa, sado, kutoka kwenye mzigo wake. Hakuna anayeliita msaada. Basi wakakubaliana kwamba anayelala na watoto ahesabiwe kama aliyejifungua. Wakapanga zamu, na yule aliyekataa ndiye aliyedai kuanza, ili aone kama kweli watamtilia.

Mwalimu Vero alisikiliza yote. Kisha akaingia chumbani, akarudi na ufunguo, na akasema masharti mengi mno ambayo siyakumbuki, isipokuwa moja: sindano zote zitolewe kwenye mashine na yeye mwenyewe, kila jioni. Alikwenda kuzitoa. Nilimwona dirishani akiinama mashine baada ya mashine na tochi ya simu mdomoni.

Alfajiri

Niliamka ufukwe ukiwa umechangamka. Mitumbwi ilikuwa imetua, maji yalikuwa ya rangi ya bati, na wanawake walikuwa wakipandisha ndoo wakitaniana na wavuvi. Nilipanda hadi darasani. Mlango ulikuwa wazi.

Watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka katikati ya safu za cherehani, wamefunikwa mapande ya vitambaa ya mafunzo, mengine yana shingo lakini hayana mikono. Mlinzi wao, yule aliyedai kuanza, alikuwa amesinzia ameegemea ukuta. Kashinje alikuwa chali mwishoni mwa mkeka, mdomo wazi, viatu miguuni, chuma kikitokeza nje ya shuka, kila kiatu kikitazama upande wake kama kinavyotakiwa.

Milembe aliingia nyuma yangu, miguu imejaa mchanga, ndoo mkononi. Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akamimina kopo moja la dagaa kwenye beseni lililokuwa pale mlangoni, na wenzake waliomfuata wakafanya hivyo hivyo. Mlinzi akafumbua jicho, akatazama beseni, akalifumba tena.

"Sasa piga," Milembe akaninong'oneza.

Nikapiga.

Nyumbani

Nilirudi kwa daraja. Nilipita kwa Pendo, nikamweleza. Akanyanyuka na kutazama kalenda ya ukutani, ile yenye vipande vya mwezi pembeni ambayo wauza duka hutoa bure. Tarehe za kliniki za watu wa mwalo alizihamishia kwenye mbalamwezi pale pale, kwa kalamu, bila kumuuliza mtu. Nilimwuliza kama ana ruhusa. Akasema mimi nina maswali mazuri lakini si muda wote.

Shirika lilipopata picha liliandika kwamba ni nzuri, ila je, naweza kutuma nyingine isiyo na mashine na watoto wengine, kwa sababu haieleweki mtoto yuko wapi. Nilijibu kwamba yuko darasani mwao, nikaeleza yote niliyowaeleza ninyi, pamoja na khanga. Baada ya siku kadhaa wakamwandikia Mwalimu Vero wakiuliza kwa nini jengo la mafunzo linatumika usiku. Alinisomea jibu lake kwenye simu kabla ya kulituma: kwamba kipindi cha giza darasa lilikuwa tupu, sasa linajaa kila usiku, na kwamba kama wanaona vibaya, waje wao wenyewe walinde watoto, zamu zipo, watatiliwa dagaa. Hawajajibu, lakini Kashinje bado yuko kwenye mpango wao.

Maswali yangu juu yao sijayamaliza. Bado nadhani mtu anayetaka picha ya mtoto amelala anapaswa kwanza kuuliza analala wapi. Lakini viatu vile hakuna aliyevitengeneza Nyabusenga, na bila vile, beseni la dagaa lisingemnyoosha mtu mguu.

Mbalamwezi iliyopita Milembe alikwenda kliniki. Pendo alimvua Kashinje viatu, akamsimamisha kwenye sakafu ya vigae, akainama hadi shavu likagusa chini, akajaribu kupitisha karatasi chini ya ukingo wa ndani wa unyayo. Alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia sauti ya Milembe ikimwamrisha mtoto aache kucheza. Mguu wa kulia haujamaliza kurudi, Pendo alisema, lakini karatasi haikupita tena chini ya unyayo.

Nimechungulia nje sasa hivi. Mwezi haupo. Nimempigia Milembe kumsalimia, akajibu kwa sauti ya chini na kuniambia niseme haraka, asije akawaamsha watoto: leo ufunguo uko kwake.